Karatasi ya Umeme: Je, Kusema Kweli Kunatosha?

Tulipokuwa tukifundisha hesabu katika chuo cha ualimu, tuliwaambia wanachuo wetu kwamba jibu sahihi lisiloonyesha njia halistahili maksi zote. Wengi walinung'unika. Siku hizi tumestaafu, tunakaa barazani, na neno lile limeturudia sisi wenyewe kwa njia ya LUKU.

Wasomaji wa Tanzania Bara wanaijua LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Zamani msoma mita alipita, kisha bili ikaja mwisho wa mwezi, na ugomvi ukaifuata nyuma. Mita za LUKU zilipoanza kuenea miaka ya 1990 tukafurahi, maana sasa twalipa kwanza, twaletewa tarakimu ishirini, twazibonyeza, taa inawaka. Basi, wengi wetu hutazama tarakimu hizo tu. Lakini pamoja nazo huja hesabu nyingine, iliyobanwa katika mistari michache, nusu yake Kiingereza kilichokatwa-katwa.

Tuitazame hesabu hiyo kama ilivyokuwa mwaka 2021, kwa mteja wa kawaida aliyelipa shilingi 10,000. Umeme wenyewe ulikuwa wa shilingi 8,196.72. Juu yake ilikuwapo kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Asilimia 3 ya kupeleka umeme vijijini. Na asilimia 1 ya EWURA, chombo kinachosimamia bei. Ukigawanya ile 8,196.72 kwa shilingi 292, bei ya uniti moja, wapata uniti 28 na chembe. Hakuna uongo hapo. Mtoto wa darasa la saba aliyefundishwa vema aweza kuihakiki, mradi aambiwe kwanza kwamba asilimia zile zinahesabiwa juu ya bei ya umeme, wala si juu ya ile elfu kumi. Hilo halikuandikwa.

Agosti 2021 kodi ya majengo ikaanza kukatwa humo humo katika LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Tuna kijumba cha uani chenye mita yake, na mpangaji wetu ni mama mmoja fundi cherehani. Siku moja alikuja na simu yake mkononi. "Shikamoo, mwalimu. Kila siku elfu kumi yangu inanipa uniti 28. Leo nimepata 25. Hii elfu moja iliyokatwa ni ya nini?"

Tulimjibu, "Ni kodi ya serikali, mama." Akashukuru, akaenda zake.

Jibu lile lilikuwa kweli tupu. Lakini tulijua pia kwamba kodi ya majengo ni ya mwenye jengo, wala si ya mpangaji. Mwenye jengo ni sisi. Hatukuongeza neno.

Hapo ndipo lilipo swali tunalotaka kulitazama. Je, aliyesema kweli kwa namna ambayo msikilizaji hawezi kuielewa, amesema kweli? Wako wanaodai kwamba wajibu wa muuzaji unaishia katika kuandika. Yote yamo katika karatasi, asiyesoma ajilaumu mwenyewe. Sisi hatukubali. Anayeandika hesabu anajua ni nani atakayeisoma: mama mwenye sufuria jikoni, mzee asiyeona vema, kijana anayenunua uniti tano gizani. Akiwaandikia kana kwamba wote ni wahasibu, karatasi hiyo inamlinda yeye tu.

Wengine wanasema, basi iandikwe namba moja tu, jumla, watu wasichanganyikiwe. Hilo nalo ni baya, pengine baya zaidi, maana mahali penye jumla tupu ndipo panapofichwa mambo. Anachotaka mtu ni kujua fedha yake imenunua nini, kiasi gani kimekwenda kwingine na kwa nani, na kama deni hilo kweli ni lake. Maneno manne au matano ya Kiswahili yangetosha: "Kodi ya majengo, hudaiwa mwenye nyumba." Mama yule asingekuja kuuliza, nasi tusingepata nafasi ya kumjibu nusu.

Kutoeleza kuna gharama, na gharama huwaangukia walio chini. Katika bei zilizotolewa mwaka 2016, mtumiaji mdogo, asiyevuka uniti 75 kwa mwezi, aliwekewa shilingi 100 kwa uniti. Wa kawaida alilipa 292. Sasa fikirini nyumba ya vyumba vinne, familia nne, mita moja, kila familia inatumia uniti 30. Jumla ni uniti 120, na kwa bei ya kawaida ni shilingi 35,040 kabla ya kodi, yaani 8,760 kila familia. Kila mmoja angekuwa na mita yake, kwa bei ya mtumiaji mdogo angelipa 3,000. Punguzo lilikusudiwa watu hao hasa, nalo likawapita kwa sababu wanaishi pamoja. Tumeona wapangaji wakishutumiana juu ya pasi na friji, kumbe sehemu kubwa ya uzito ilikuwa katika bei isiyoelezwa na mtu.

Gesi ya mtungi ina hadithi fupi zaidi. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Toa huo katika uzito wote, ukipata kilo 6 au 15, kama ulivyonunua, umepata haki yako. Tumewauliza majirani kadhaa, hakuna aliyejua zile namba ni za nini.

Turudi uani. Mwaka 2023 kodi ile ilipandishwa kuwa shilingi 1,500, na mama akaja tena, simu mkononi. Safari hii tulimkaribisha kiti, tukamweleza yote. Toka Agosti 2021 hata Juni 2023 ni miezi 23. Tukamhesabia shilingi 23,000, tukasema zitolewe katika kodi yake ya chumba. Tulidhani atafurahi.

Alinyamaza kidogo. "Fedha sawa, mwalimu," akasema. "Lakini nilikuuliza."

Tulitafuta la kujibu, tusilipate. Tungeweza kusema kwamba karatasi haikueleza, na ni kweli haikueleza. Lakini yeye hakuwa ameiuliza karatasi.

Sasa kila mwanzo wa mwezi huleta simu, twasoma mistari pamoja, twatoa 1,500 katika kodi ya chumba, na mwanawe wa darasa la sita huandika katika daftari. Mwezi mmoja tulisahau. Kijana alikuja barazani na daftari lake, akatuamkia, akaweka kidole penye mstari mtupu, akangoja.