Vita vya Kesho

Kesho kutakuwa na vita baharini. Kauli hii ya Aristotle ina zaidi ya miaka 2,300 na bado inawasumbua wenye kufikiri. Kama ni kweli tangu leo, manahodha wanashauriana bure, maana vita vitakuja wapende wasipende. Kama ni uongo tangu leo, ni bure vilevile.

Mwanamantiki Jan Łukasiewicz wa Warsaw aliona hapo uhuru wa binadamu unapotea. Mwaka 1920 akachapisha mantiki yenye thamani tatu: 1 ni kweli, 0 ni uongo, na nusu ni jambo ambalo bado halijaamuliwa. Kuunda mifumo ya namna hiyo, ya wakati, ya uwezekano, ya wajibu, ndiyo kazi ya mantiki ya kifalsafa, nayo ni kazi ya kupendeza.

Lakini hebu tupige hesabu. Katika mfumo huo, kauli mbili zikiunganishwa kwa “au” tunachukua thamani iliyo kubwa. Kwa “na”, iliyo ndogo. Kukanusha ni kutoa kutoka 1. Basi “kesho kutakuwa na vita au hakutakuwa na vita” inapata nusu, ingawa Aristotle mwenyewe alishikilia kwamba moja kati ya hayo lazima litokee. Na “kutakuwa na vita na hakutakuwa na vita” nayo inapata nusu! Upuuzi huo umepewa daraja moja na jambo linalowezekana kabisa.

Ndani ya mfumo hakuna kosa. Kila hatua inafuata kanuni. Linalobaki ni kuuliza kanuni hizo zina haki gani ya kutawala fikra zetu, na hapo tumeingia katika falsafa ya mantiki. Mwanafalsafa Quine, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya somo hilo, alijibu kwa ukali: anayezikana sheria za mantiki amebadilisha mada tu. Naona alifanya haraka. Łukasiewicz alikuwa akizungumzia vita vilevile na kesho ileile.

Kinachonitia shaka ni kingine: aliutaka uhuru kwanza, kisha akatafuta mantiki ya kuulinda. Hakuficha, na kwa hilo namheshimu. Ila kulipenda jibu si ushahidi wake. Kama hesabu, mfumo wake umesimama; kama maelezo ya kesho, haujasimama.