Elimu Isiyosimulika: Mwanagenzi wa Baiskeli na Swali la Kujua

Kuendesha chombo cha magurudumu mawili ni ujuzi walio nao mamilioni ya watu, lakini ni wachache sana wanaoweza kuueleza. Jambo hilo limewashughulisha wanafalsafa kwa sababu linagusa swali kongwe: je, mtu anaweza kujua kitu asichoweza kukisema? Na kama anaweza, elimu ya aina hiyo hupatikanaje, na mtu mmoja humpaje mwenzake?

Mjini Tunduma, swali hilo hupita barabarani kila siku. Tunduma iko katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, nayo inatazamana na Nakonde upande wa Zambia. Malori yanayokwenda Zambia na Kongo hupanga foleni kwenye barabara kuu, na katikati ya malori hayo hupenya baiskeli zilizobeba mizigo. Gunia la mahindi likifungwa kwenye keria, uzito mwingi huhamia nyuma, usukani huwa mwepesi, na baiskeli huyumba kwa kosa dogo tu. Mwendeshaji hulirekebisha yumbo hilo kabla halijaonekana. Akiulizwa amefanyaje, atajibu kwamba amezoea. Jibu hilo ni la kweli, ila halimsaidii anayetaka kujua.

Namna ujuzi huo unavyoingia huonekana vizuri zaidi kwa anayeanza. Mtoto anayejifunzia baiskeli ya mtu mzima hafikii siti. Hupitisha mguu mmoja katikati ya fremu hadi pedeli ya upande wa pili, mwili ukiinamia huku na baiskeli ikilalia kule. Kaka au mjomba hukimbia nyuma ameshika keria, huku akipaza sauti: tazama mbele, usiangalie tairi, kanyaga, usiache kukanyaga! Kisha huachia bila kutoa taarifa. Mtoto huenda hatua kadhaa peke yake, na mara nyingi huanguka pale anapogeuka na kukuta hakuna aliyemshika. Katika somo hilo zima hakuna neno hata moja lililoeleza jinsi baiskeli inavyosimama. Maagizo yote yalihusu macho, miguu na woga.

Maelezo yenyewe yapo. Baiskeli inapoanza kuangukia kushoto, mwendeshaji huupeleka usukani kushoto ili magurudumu yarudi chini ya uzito wake. Anapotaka kukata kona ya kushoto, kwanza huusogeza usukani kidogo sana kulia ili mwili ulalie kushoto, ndipo akate kona. Wilbur Wright, ambaye pamoja na mdogo wake Orville alikuwa na karakana ya baiskeli huko Dayton, Marekani, kabla ya kutengeneza ndege, aliwauliza waendeshaji wengi jinsi wanavyokata kona, akaona kwamba hawakujua wanachokifanya. Wanasayansi nao hawajamaliza kazi. Mwaka 2011 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba baiskeli inaweza kujisimamisha ikiwa mwendoni hata pale sababu mbili zilizotegemewa kwa miaka mingi, yaani mzunguko wa magurudumu na mkao wa gurudumu la mbele, zimeondolewa. Watoto walijua kuendesha kabla ya nadharia kukamilika.

Gilbert Ryle, mwanafalsafa wa Uingereza, alilichambua jambo hili katika kitabu The Concept of Mind cha mwaka 1949. Alipinga dhana kwamba kila tendo la akili lazima litanguliwe na fikra inayolielekeza. Kama ingekuwa hivyo, alisema, hata kuichagua fikra ifaayo kungehitaji fikra nyingine ya kukuelekeza, na mlolongo huo usingekwisha. Kwake, kujua kufanya ni elimu yenye hadhi yake, si kivuli cha kujua habari. Michael Polanyi, mwanakemia aliyegeukia falsafa, alitumia mfano wa baiskeli yenyewe katika Personal Knowledge cha mwaka 1958: kanuni ya hesabu inayoeleza usawa wa baiskeli inaweza kuandikwa, lakini kuisoma hakumfanyi mtu awe mwendeshaji.

Si wote waliokubali. Mwaka 2001 Jason Stanley na Timothy Williamson walitetea hoja kwamba kujua kufanya ni aina ya kujua habari: mwendeshaji anajua kwamba njia fulani ndiyo ya kuendesha, ila anaijua kwa namna ya mtendaji. Hoja hiyo ina uzito, lakini inabaki na kazi ya kueleza hiyo namna ya mtendaji hutoka wapi. Mhandisi Mmarekani Destin Sandlin aliionyesha shida hiyo mwaka 2015 kwa baiskeli iliyogeuzwa: usukani ukienda kushoto, gurudumu linakwenda kulia. Alijua kikamilifu jinsi inavyofanya kazi, lakini alihitaji takriban miezi minane ya mazoezi ili aweze kuiendesha.

Katika fikra za dini swali hili ni la zamani zaidi. Imamu al-Ghazali, aliyeacha kufundisha Baghdad mwaka 1095, aliandika kwamba alivisoma vitabu vya masufi mpaka akatambua kuwa kilichobaki hakipatikani kwa kusikia, bali kwa kuonja. Alitoa mfano wa afya: kujua maana na sababu za afya si sawa na kuwa na afya. Waswahili husema kwamba utamu wa ngoma ni uingie ucheze. Kwa mtazamo huo, sala, saumu na subira hueleweka kwa kutendwa, na maelezo huja kuungana na kile ambacho mtendaji amekwisha kukionja.

Hapo huzuka hatari. Mtu anaweza kudai kwamba imani yoyote ni sahihi mradi aliyenayo anaionja, na asiyekubali aambiwe hajaingia. Mfano wa baiskeli unasaidia kuweka mpaka. Ni kweli mwanagenzi hulazimika kuamini kabla ya kuthibitisha, kwa sababu baiskeli inayokwenda polepole mno huanguka, na anayesubiri uhakika ndipo akanyage hatauona kamwe. Lakini imani yake hukaguliwa papo hapo: akijidhania ameweza kumbe bado, ardhi humjibu. Imani yenye afya ni ile inayokubali kukaguliwa na matunda yake. Inayojikinga dhidi ya kila jaribio haiwezi kujitetea kwa mfano huu.

Yanayosemwa juu ya baiskeli huhusu pia vyombo vingine vya kujisawazisha: chukudu, kile chombo cha mbao kinachobeba mizigo mjini Goma, na mbao za magurudumu ambazo vijana wa Kitintale, Kampala, wamekuwa wakizichezea katika uwanja uliojengwa mwaka 2006. Kote huko mwalimu bora ni yule anayejua wakati wa kushika na wakati wa kuachia, kuliko yule mwenye maneno mengi.

Elimu rasmi imeanza kulikubali jambo hili. Nchini Tanzania, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo, ambapo fundi aliyejifunzia mtaani hupimwa kwa kazi ya mikono yake na kupewa cheti. Utaratibu huo una msingi wa haki. Asiyeweza kuisimulia kazi yake hajakosa elimu kwa sababu hiyo, na anayeisimulia vizuri hajathibitisha bado kwamba anaijua.