Paka wa Jirani na Ndege wa Bustani

Mambo madogo huleta magomvi makubwa. Watu waliokaa jirani miaka kumi kwa amani huweza kuacha kusalimiana kwa sababu ya kuku, au ya maji ya mtaro, au ya paka. Leo twataka kusema juu ya paka, yaani yule paka wa jirani aingiaye katika lupango ya mwingine na kukamata ndege. Yatupasa kufanya nini naye? Labda msomaji atacheka. Lakini ndani ya jambo hili dogo mna maswali makubwa: Ndege ni mali ya nani? Je, mnyama aweza kuwa na kosa? Na mtu ana deni gani kwa jirani yake?

Kwanza tuangalie jambo lenyewe. Huku Manika, kama pengine katika Kolwezi, mtu akiwa na nafasi kidogo hupanda mwembe au mparachichi, na chini yake tuta la lengalenga. Hapo huja shomoro, tetere, minana, na chozi wanyonyao maua. Mvua za kwanza zinapokaribia, wengi hujenga viota, na makinda hushuka chini kabla hawajajua kuruka vizuri. Siku hizo paka hana kazi ngumu. Mwenye bustani huamka asubuhi akakuta manyoya tu chini ya mti. Naye ajua kwamba ndege wengi hula viwavi waharibuo mboga zake. Mtu huyo ana haki ya kusikitika.

Tena madhara haya si maneno ya kubuni. Wataalamu wa Marekani walihesabu mwaka 2013, wakasema kwamba katika nchi yao paka huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kila mwaka, na kwamba sehemu kubwa huuawa na paka wasio na mwenyewe. Huko Nyuzilandi kuna kisiwa kidogo kiitwacho Stephens. Mnara wa taa ya meli ulipojengwa huko, karibu na mwaka 1894, paka waliletwa pamoja na watu. Kulikuwa na ndege mdogo asiyeweza kuruka, aliyekuwa amebaki katika kisiwa hicho tu. Katika muda mfupi alikwisha kabisa, wala hajaonekana tena duniani.

Je, paka ametenda dhambi? Hapana. Dhambi yataka akili na hiari, naye hana. Babu wa paka wetu ni paka-mwitu, ambaye hata leo yupo katika pori za Afrika. Watu wa kale wa Mashariki ya Kati walipoanza kuweka nafaka, panya walikuja, na paka akawafuata panya. Basi wakakaa pamoja. Katika kisiwa cha Kipro paka alizikwa karibu na mtu miaka kama 9,500 iliyopita. Nasi hata sasa twamweka ili gunia la mahindi lisitobolewe. Twasifu kucha zake zinapomshika panya, kisha twazilaani zinapomshika tetere. Yeye hajui tofauti. Wako na wale wasemao kwamba paka atembeaye usiku ametumwa na mchawi, wakampiga mpaka afe. Huo ni ujinga, tena ni ukatili. Paka hutembea usiku kwa sababu macho yake yamefanywa kwa giza.

Basi, ikiwa paka hana kosa, je, hakuna mwenye deni? Yuko. Sheria ya Musa, katika kitabu cha Kutoka, yasema juu ya ng'ombe mwenye desturi ya kupiga kwa pembe. Mwenye ng'ombe aliyekwisha kuonywa, naye asimfunge, huyo atadaiwa sana kuliko asiyejua. Angalieni hekima hiyo. Mnyama ni yule yule na pembe ni zile zile. Kilichozidisha deni ni onyo. Ndivyo ilivyo kwa paka. Kabla hajaambiwa, jirani yako pengine hajui kitu, maana paka hali ndege mbele yake. Akiisha kuambiwa kwa upole, jambo limekuwa lake. Kwa hiyo wajibu wa kwanza wa aliyeudhika ni kusema: aende yeye mwenyewe, asitume watoto, wala asipige kelele juu ya ukuta.

Labda mwenye paka atajibu: “Ndege si wako. Hukumnunua wala hukumlisha. Nimekuibia nini?” Neno hili lina nguvu, tusilipuuze. Ni kweli, ndege si wangu. Lakini kama si wangu, si wako pia, hata umtoe kwa paka wako. Ndege ni wa Mungu, aliyetupa sisi sote kazi ya kuutunza ulimwengu wake. Kitu kisicho cha mtu mmoja chahitaji ulinzi wa watu wote, la sivyo chakosa mlinzi.

Sasa twafika penye hatari. Wako watu wasiosema neno. Hununua sumu sokoni, huipaka kwenye samaki, na usiku huiweka chini ya mwembe. Asubuhi paka amekufa, nao wanyamaza. Twasema wazi: jambo hili ni baya. Katekisimu ya mwaka 1992 yafundisha kwamba twaweza kuwatumia wanyama, lakini kuwatesa au kuwaua bila haja ni kinyume cha heshima ya mtu mwenyewe. Tena sumu haichagui. Mbwa ataila, kuku ataidonoa, mtoto mdogo atashika kile kipande cha samaki na kukitia kinywani. Na paka wakiisha, panya watafurahi, na unga wa nyumba zote mbili utaliwa.

Kuna na sumu nyingine, nayo ni shaka. Kolwezi ni mji wa watu waliotoka pande nyingi kwa ajili ya kazi ya mgodi. Mwaka 1993 uliona watu wakifukuzwa na majirani zao kwa sababu tu asili yao ilikuwa Kasai. Hatusemi kwamba paka aleta mambo makubwa kama hayo. Twasema kwamba mji uliopita huko haufai kufuga chuki za siri, hata zilizo ndogo.

Basi tufanye nini? Mwenye paka amlishe vizuri. Watu wengi husema paka akishiba hatawinda panya. Si kweli, ataendelea. Lakini wataalamu wa Uingereza walionyesha mwaka 2021 kwamba paka waliopewa chakula chenye nyama nyingi walileta nyumbani mawindo pungufu kwa asilimia 36, na wale waliochezeshwa dakika chache kila siku, asilimia 25. Kengele ya shingoni haikuonyesha faida. Tena amfungie ndani usiku na alfajiri, hasa wakati wa makinda. Akiweza, amhasi kwa daktari wa wanyama. Paka jike huzaa baada ya miezi miwili tu, naye atiaye watoto wa paka katika mfuko na kuwatupa karibu na soko, ndiye azidishaye wawindaji wasio na mwenyewe.

Mwenye bustani naye ana kazi. Afunge miiba kwenye shina la mti wenye kiota. Aweke maji ya ndege juu, mbali na majani marefu ambamo paka hujificha. Akimwona paka, amfukuze kwa maji, si kwa jiwe. Tena ajiulize: je, mimi mwenyewe nimewafanyia nini ndege? Miti mingapi imekatwa kando ya mji kwa ajili ya makala? Tangu mwaka 2014, huko Kasulo, watu walichimba mashimo ya madini hata ndani ya malupango yao. Na watoto wetu, je, manati zao zinalenga nini? Si haki kumshitaki paka peke yake.

Mtakatifu Martino wa Porres, aliyefariki Lima mwaka 1639 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1962, huchorwa pamoja na mbwa, paka na panya wakila sahani moja. Sisi hatuna neema ya kumpatanisha paka na ndege. Lakini kumpatanisha mwenye paka na mwenye bustani, hilo halihitaji mwujiza. Kabla ya mvua za kwanza, mwenye neno na aende kwa jirani yake, apige hodi, waketi, waseme. Na huyo aliyeambiwa asikasirike, bali amwite paka wake ndani jua linapokuchwa.