Kabla ya Gundi

Ndugu walimu, swali ninalotaka tulitafakari ni hili: mtu anapokijaribu kitu kabla ya kukifunga moja kwa moja, hujaribu ili apate kujua, au hujaribu ili apate ruhusa ya kuendelea na alichokwisha kukiamua? Nitalitazama kwa mfano ambao baadhi yenu mtauona kuwa wa kitoto, nao ni kazi ya kuunga vielelezo vya plastiki, yaani vile vindege, vimeli na vigari vinavyouzwa vipande vipande ndani ya boksi.

Uingereza, kampuni ya Airfix ilitoa merikebu ndogo ya Golden Hind mwaka 1952. Kule Shizuoka, Japani, kampuni ya Tamiya, iliyoanza na kazi ya mbao, ilitoa kielelezo chake cha kwanza cha plastiki, manowari Yamato, mwaka 1960. Kuhama huko kutoka kwenye mti kulileta badiliko ambalo aghalabu halisemwi. Aliyechonga meli ya mti alikijua kila kipande kwa kisu chake mwenyewe. Kuchonga kwenyewe kulikuwa kujaribu. Wa plastiki hupokea vipande vilivyokwisha kusubiwa, vimeshikamana na vijiti vyake, vina nambari na karatasi ya maelekezo. Basi hudhani kwamba kiwanda kimekwisha kuvipatanisha kwa niaba yake.

La hasha. Plastiki hiyo, iitwayo polistaireni, huyeyushwa kwa joto na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Ipoapo hunywea, penye unene huweza kuacha kishimo, na kipande chembamba huweza kupinda. Kalibu nayo huchakaa, plastiki ikapenya katika mwanya wake na kuacha utando ukingoni. Kwa hiyo fundi mwangalifu hupachika kwanza bila gundi: hukikata kipande, hulisugua kovu la kijiti kwa msasa, hukiweka mahali pake, hukishika kwa utepe au kibanio cha nguo, kisha hukiinua kwenye mwanga.

Tena gundi ya kazi hii si ya kubandika tu kama ile ya bahasha. Huziyeyusha nyuso mbili za plastiki zikachanganyika, na dawa ikisha kuruka hewani, viwili vimekuwa kimoja. Mshonaji aliyepiga bandi anaweza kufumua. Seremala aliyetia ulimi katika tundu lake bila gundi anaweza kuuchomoa. Aliyekwisha kuyeyusha plastiki hana njia ya kurudi ila kwa msumeno.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Nusu mbili za kiwiliwili cha ndege zikiwekwa pamoja, zikabaki na mwanya kama unywele, kidole gumba kinajua la kufanya: kinabana. Mwanya hutoweka, na mtu husema, "Zimelingana." Hazikulingana, zimelazimishwa. Zikigundishwa katika hali hiyo, plastiki hubaki na mvutano ndani yake, na mshono waweza kufunguka baadaye, pengine rangi ikisha kupakwa. Hapo ndipo ninapoyaona maadili yakiingia katika jambo hili dogo. Anayejaribu kwa kweli yu tayari kujibiwa "hapana". Kidole kinachobana hakiulizi, kinaamuru.

Wako watakaosema kwamba kosa ni la kiwanda. Kabla ya kujaribu, udhuru huo ni halali kabisa. Lakini aliyekwisha kuuona mwanya, kisha akatia gundi, amelifanya kosa la kiwanda kuwa lake. Yumkini ndiyo sababu wengi hawapendi kujaribu. Nisingeuita uvivu mtupu, maana wanahisi kwamba kujua kutawadai kitu.

Hata hivyo tusilitukuze jaribio kupita kiasi. Nusu zile mbili hufunga barabara zikiwa tupu; kitie chumba cha rubani ndani, nazo zinakataa. Bawa hukaa vema leo, na kesho rangi ikiongeza unene mdogo tu juu ya pini ya kupachikia, pini haiingii tundu lake. Kipande kilichopatana na jirani yake hakijapatana na ndege nzima. Hapana budi kurudia, na kurudia kunachosha.

Nami husitasita ninaposikia lugha hii ikitumiwa kwa wanadamu: uchumba kuitwa majaribio, mwalimu mpya kuitwa wa majaribio. Plastiki haijui kwamba inajaribiwa. Mtu anajua, naye hujibana mwenyewe ili mwanya usionekane. Sote tunalifahamu lile somo linalofundishwa mkaguzi akiwa ameketi nyuma ya darasa: ubao umepangwa, vielelezo vimetundikwa, watoto wamekwisha kufundishwa jibu tangu jana. Mkaguzi huandika kwamba mwalimu anafaa, akaenda zake.

Nani aliyebana hapo? Wengi watamtaja mwalimu. Mimi naelekea kumtaja aliyeliweka jaribio lenyewe. Katika kazi ya plastiki, "hapana" hufuatwa na tupa na msasa, kisha kipande kikajaribiwa tena. Hakuna anayekitupa kwa sababu ya mwanya wa unywele. Mwalimu yule hakuahidiwa msasa. Aliambiwa kwamba ripoti itapelekwa makao makuu.