Mtu Aendaye Peke Yake Msituni, Ana Deni kwa Nani?

Ndugu wasomaji, liko neno ambalo vijana wetu hupenda kulisema, na wazee wengine hulisema pia wakikasirishwa: "Maisha ni yangu, nikipata taabu, nitaipata mimi." Neno hili lina nguvu, maana laonekana kuwa kweli. Mlevi aliyempiga jirani yake amemkosea jirani. Lakini mtu aliyeshika fimbo yake alfajiri, akaingia msituni peke yake siku ya mvua, akateleza, akalowa, akarudi jioni, amemkosea nani? Hakuna aliyemwona, wala hakuna aliyepungukiwa na kitu. Kwa hiyo tumeona vema kulipima neno hilo mwezi huu; wala si mahali penye watu wengi, ambapo jibu ni rahisi, bali pale ambapo lina nguvu kuliko pote, yaani njia ya msituni, siku ya mvua, na mtu mmoja tu.

Tuchukue msitu wa Magamba, ulio juu ya Lushoto, katika Usambara ya Magharibi. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huja zimebeba unyevu. Zikikutana na milima hupanda, zikipanda hupoa, na zikipoa huangusha mvua. Ndiyo sababu Amani, katika Usambara ya Mashariki, hupata kadiri ya milimita 1,900 za mvua kwa mwaka, hali nyika iliyo nyuma ya milima, upande wa Mkomazi, hukaa katika ukame. Masika huanza Machi hata Mei, na vuli Oktoba hata Desemba. Siku hizo njia ya msituni hugeuka kuwa mfereji. Udongo hushika mguu usitoke, majani yaliyooza hufunika mizizi, na mzizi uliolowa huteleza kupita jiwe. Hata mvua ikikatika, chini ya mikulo mikubwa huendelea kunyesha, maana miti hudondosha polepole yale iliyoyapokea.

Wala hatusemi kwamba ni vibaya mtu kwenda huko peke yake. Aendaye na wenzake husikia maneno yao. Aendaye peke yake husikia maji, na mbega warukao juu, na mwisho husikia mawazo yake mwenyewe, ambayo nyumbani hufunikwa na kelele za kila siku. Wako watu waliokata shauri kubwa la maisha yao katika safari ya namna hiyo. Upweke una faida yake, nasi hatutaki kumnyang'anya mtu faida hiyo. Twataka kujua tu kama upweke humfungulia mtu madeni yake.

Jaribu la kwanza ni tope. Msafiri hufika mahali ambapo njia imezama, na tope limesimama hata nusu ya muundi. Kandoni kuna ukingo wenye majani mabichi na udongo mkavu kidogo. Mguu wenyewe huenda ukingoni bila kuamriwa. Moyoni asema, "Hatua moja haidhuru kitu." Naye asema kweli, hatua moja haidhuru. Lakini jana alipita mwingine aliyesema vivyo hivyo, na kesho atapita mwingine. Majani ya ukingoni hufa, mizizi huachwa wazi, ukingo nao hugeuka tope, na yule ajaye baadaye husogea tena hatua moja nje. Ndivyo njia ya mtu mmoja inavyopanuka ikawa pana kama barabara, na maji ya mvua hupata mkondo mpya, yakachukua udongo mpaka kijitoni. Na kijito hicho ndicho wachotacho watu wa bondeni, na ndicho kinyweshacho bustani zao za kabichi na viazi.

Hapa pana fumbo linalostahili kufikiriwa na kila mwalimu. Kama hatua ya kila mtu haidhuru kitu, basi madhara haya yametoka wapi? Njia imeharibika, nasi tukitafuta aliyeiharibu, hatumwoni. Kila mmoja aweza kuapa kwamba yeye hakufanya kitu. Twaona basi kwamba swali la msafiri lilikosewa tangu mwanzo. Aliuliza, "Mguu wangu wafanya nini?" Ilimpasa aulize, "Mguu wangu ni mmoja katika miguu gani?" Akiuliza hivyo, atajua kwamba hakuwa peke yake ukingoni pale, walikuwapo waliomtangulia, na wanaomfuata wako njiani. Afadhali apite katikati ya tope. Tope la mguuni huoshwa kwenye kijito cha mbele. Njia iliyopanuliwa haioshwi. Na kama tope ni la kuzama, atafute mawe ya kukanyagia, au njia nyingine iliyokwisha kukatwa, au angoje kiangazi.

Jaribu la pili ni mwili wake mwenyewe. Watu wa ng'ambo hudhani kwamba katika nchi zetu mtu hawezi kuumwa na baridi. Lakini joto hupungua kadiri ya nyuzi sita kwa kila mita 1,000 tunazopanda, na vilele vya Magamba vimepita mita 2,000. Nguo iliyolowa haihifadhi joto, na upepo hulichukua upesi lililobaki. Mwili wa mtu mzima wa afya una joto la kadiri ya nyuzi 37. Likishuka chini ya 35, madaktari hulihesabu kuwa jambo la hatari. Kwanza mtu hutetemeka. Kisha vidole hukataa kufunga kifungo, ulimi huwa mzito, na miguu hujikwaa. Na lililo baya kuliko yote, akili nayo hupoa pamoja na mwili, hata mgonjwa huyu hudhani yu mzima, na kwamba kilele ki karibu. Aliye na mwenzake, mwenzake humwona na kumwambia, "Ndugu yangu, turudi." Aliye peke yake amemwacha nyumbani mwamuzi huyo.

Basi yafaa shauri likatwe asubuhi, akili ingali na joto: "Saa nane nitageuka, popote nitakapokuwa." Kwetu jua hutua muda mfupi baada ya saa kumi na mbili, wala machweo hayakawii, na chini ya miti giza huingia mapema zaidi. Lakini mtu akijiahidi mwenyewe, ni nani atakayemdai? Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Königsberg, alilitazama jambo hili katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1797. Aliona kwamba kama mwenye kudai na mwenye kudaiwa ni mtu yule yule, yaonekana aweza kujisamehe deni wakati wowote apendapo, na hivyo deni si deni tena. Yeye alijibu kwamba mwanadamu ana pande mbili, upande wa mwili na tamaa zake, na upande wa akili iwekayo sheria. Na upande wa akili ndio uudaio upande mwingine. Jibu hilo ni la maana. Lakini msituni, saa nane, katika baridi, tumeona ya kuwa upande wa akili ndio uliokwisha kudhoofika. Kwa sababu hiyo twaongeza jambo moja jepesi: ahadi hiyo apewe mtu mwingine kuitunza. Msafiri amwambie mkewe, au mama yake, au jirani, "Napita njia hii, nami nitarudi saa hii." Tangu hapo hawezi kujisamehe peke yake, maana yuko mtu nyumbani ashikaye nusu ya ahadi. Wala asiitegemee simu ya mkononi. Mabondeni hupoteza mtandao, na mvua huiharibu.

Jaribu la tatu ndilo kubwa, nalo latupeleka kwenye neno lile tulilolianza. Mwingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake juu ya uhuru kilichotolewa mwaka 1859, alileta mfano wa mtu atakaye kuvuka daraja bovu. Asipoijua hatari, na nafasi ya kumwonya haipo, ni halali kumshika na kumzuia. Lakini akiijua, na ikiwa kuanguka si hakika bali kwaweza kutukia tu, basi aonywe, kisha aachwe aamue mwenyewe. Wasomaji wengi watalikubali neno hili, nasi hatulikatai. Ila twauliza: chini ya daraja lile, je, hakuna watu?

Tuliwahi kuona jambo hili katika mtaa mmoja wa milimani. Kijana mmoja aliondoka asubuhi ya mwezi wa Aprili kupita msituni, asimwambie mtu. Mchana mvua ikaja kubwa. Jioni hakurudi. Mama yake alikoka moto akakaa mlangoni, na kila mbwa alipobweka alisimama. Saa tatu ya usiku yowe likapigwa. Wanaume kumi na mmoja wakachukua kurunzi na mapanga wakaingia katika tope lile lile, gizani, wakiita jina lake. Mmoja wao, baba wa watoto watano, aliteleza juu ya mzizi, akauangukia mkono wake, nao ukavunjika. Kulipopambazuka kijana akatokea, mzima, nguo zimekauka. Mvua ilimkuta upande wa pili wa mlima, naye akalala kwa rafiki. Akashangaa kuona watu uwanjani. Akasema, "Mbona mimi sikupatwa na neno?"

Siku ya tatu wazee walikaa barazani, maana ilikuwa wakati wa palizi, na mwenye mkono uliovunjika hakuweza kushika jembe. Wengine walisema kijana alipe. Wengine walimtetea, wakasema, "Hakumwita mtu amtafute. Kila mmoja alikwenda kwa mapenzi yake." Kijana mwenyewe akalishika neno hilo: "Sikuwaomba." Ndipo mzee mmoja, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akamwuliza, "Mwanangu, wataka tukuandike kati ya watu ambao wakipotea tusitoke kuwatafuta?" Kijana hakujibu. Wala hakutozwa faini. Lakini kesho yake alionekana katika shamba la yule jirani na jembe begani, akapalilia hata mahindi yalipokomaa. Yule mama, yeye hakudai kitu, na hakuna aliyeuliza jinsi ya kumlipa usiku ule.

Swali la mzee lina kila kitu ndani yake. Kijana alisema kweli kwamba hakuomba. Lakini alijua kwamba watakuja, naye hangependa kukaa katika kijiji ambacho hawaji. Atumainiye wema wa watu, hata bila kuuomba, amekwisha kuupokea. Na aliyepokea hawezi kusema kwamba hadaiwi. Hatari aliyoiita yake ilikuwa imegawanywa kwa watu kumi na mmoja na mama mmoja, wala hakuna kati yao aliyeulizwa kama akubali sehemu yake. Kuumia kwa yule jirani kulikuwa bahati mbaya, twakubali. Lakini usiku wa mama haukuwa bahati. Huo ulikuwa hakika tangu asubuhi, mtu alipotoka bila kusema neno.

Huenda mtu atatupinga, akisema: "Mkihesabu hivyo, hakuna atakayetoka nyumbani, maana kila mtu yuko mwenye kumhangaikia." La, sivyo. Mkunga hutoka usiku wa mvua akaitikia mwito, na mtumishi wa misitu huzunguka katika zamu yake, na hata aendaye kwa kupumzisha moyo wake aweza kwenda bila lawama. Ukubwa wa hatari sio utakaotuamulia jambo hili. Twatazama kama wale watakaobeba sehemu ya hatari wamepewa haki yao, nayo ni ndogo: kujua njia, kujua saa, na kumjua msafiri kuwa mtu anayegeuka alipoahidi kugeuka. Ukiwapa haya, hofu yao ina mpaka, na wakitoka kutafuta hutafuta njia moja wala si msitu mzima. Ukiwanyima, umechukua mali yao bila ruhusa, ingawa hukuiona kwa macho.

Kwa hiyo twasema kwamba uhuru wa mtu ni wake kweli, wala asizuiwe. Lakini "maisha ni yangu" halitoshi kuwa jibu, maana hata mtu aliye peke yake kabisa ana watu watatu pamoja naye: ajaye nyuma katika njia ile ile, amngojaye mlangoni, na atakayetoka na kurunzi. Hao ndio wadai wake, na wote watatu hulipwa kwa bei nafuu.

Masika haya, ndugu, atakayepita msituni na apite, tena kwa furaha. Apate kibali kama msitu ni wa hifadhi. Achukue nguo kavu iliyofungwa vizuri isilowe, na chakula cha kutosha hata kesho yake. Atie mguu katikati ya tope. Saa aliyoitaja ikifika, ageuke, hata kilele kikionekana. Na kabla ya yote hayo, alfajiri, asiogope kumwamsha mtu ili amwambie njia atakayopita.