Jino Lililonyamaza

Dereva mmoja wa bodaboda wa Msamvu, Morogoro, alikuwa na gego la chini lenye tundu dogo, lililomchonyota kila akinywa chai ya moto. Mkewe akamwambia, "Baba watoto, kazibe hilo jino mapema." Akajibu kwamba akipoteza nusu siku, hesabu ya bosi haitatimia. Akawa anatafuna karafuu, na usiku ukiwa mgumu anameza dawa za maumivu za dukani.

Inauma zaidi kwa sababu tiba rahisi ya tundu dogo kama lile ilianzia hapa hapa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980 madaktari wa meno walianza kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine wala umeme, kisha wakalijaza tundu kwa saruji ya meno. Siku hizi hutumika saruji ya glasi ayonoma, ambayo hugandamana na jino na kulipatia floraidi. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki.

Halafu jino likaacha kuuma, naye akashukuru kwamba limepona. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Ndani ya jino mna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Uozo ukikifikia kinavimba, na kwa kuwa kimezungukwa na kuta ngumu hakina pa kutanukia. Kinabanwa mpaka kinakufa. Kilichokufa hakisikii maumivu, lakini bakteria wanaendelea kushuka kwenye mizizi hadi mfupa wa taya. Hata wakati huo gego lingeweza kuokolewa kwa kusafisha mizizi na kuiziba, ingawa kwa gharama kubwa zaidi.

Miezi ikapita. Shavu likaumuka, uvimbe ukashuka chini ya kidevu, ukaanza kuusukuma ulimi juu. Mate hayamezeki, maneno yanakwama. Uvimbe wa namna hiyo huweza kuziba njia ya hewa. Si wa kusubiri kupambazuke. Hospitalini alitundikiwa antibiotiki, akapasuliwa chini ya taya kutolewa usaha, na gego likang'olewa. Pikipiki bosi akampa mwingine.

Aliporudi kliniki kidonda kimefunga, daktari alimkuta na tundu dogo kwenye gego la upande wa pili, lisilouma hata kidogo. Hakuomba ahirisho. Likakwanguliwa, likazibwa, na mchana alikuwa kijiweni akitafuta pikipiki ya deiwaka.