TUMBO LA JIRANI HALIUZWI



Leo hatuwaletei habari za safari wala za ujenzi. Tunawaletea ulizo moja ambalo lilitusumbua sisi wenyewe kwa majuma mengi. Mukaguzi wa vyakula anaingia katika butike ya mutaa, anaona kitu kibaya, anapokea feza, anakwenda zake. Katika jambo hili, ni nani aliyetendewa ubaya? Wengi wanajibu upesi: ni mwenye butike, kwa maana alinyanganywa feza yake. Sisi pia tulijibu hivyo. Leo tunaona kwamba tulikosa, na tunataka kueleza ginsi tulivyokosa.

Mambo yalivyokuwa

Kati yetu kuna mama mumoja, mujane, mwenye watoto watano. Jina lake hatulitaji, na yeye mwenyewe alikubali tuandike habari hii ili isaidie wengine. Tangu mume wake alipokufa anauza katika butike ndogo ya mbao na mabati mbele ya parsele yake: sukari, chumvi, unga wa muhindi, sardini, tomati ya kopo, maziwa ya unga, sabuni, na samaki tomson katika konjelateri ya zamani. Kartie yote inamujua. Mutu akikosa feza ya kitoweo cha mangaribi, anatuma mutoto na kidaftari, na mama anaandika deni.

Mara moja umeme ulikosekana siku mbili na nusu. Ulipourudia mutaa, samaki walikuwa wameyeyuka, wakagandamana tena. Ndiyo siku mukaguzi aliyofika. Alifungua konjelateri, akanusa. Akatazama rafu, akakuta makopo 14 yaliyopita tarehe, na mawili kati ya hayo yalikuwa yamevimba. Akasema kwa ukali: «Mama, hii yote ni ya kutupa, na kuna amandi ya kulipa.»

Mama akaanza kulia: «Shefu, unihurumie. Hii ndiyo feza ya shule ya watoto.»

Mukaguzi akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Basi, mama, tusikilizane.»

Wakasikilizana. Mama akamutolea faranga zote alizopata tangu asubui, na pakiti mbili za sukari juu yake. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Kila kitu kikabaki mahali pake.

Siku ya posho, kisha maombi, mama alitusimulia habari hii. Tulicheka, tukamusifu: «Mama, ulikuwa na akili! Ulijiokoa!» Lakini muzee mumoja wa kanisa, mutu asiyesema sana, akauliza: «Na wale samaki, wako wapi?»

Mama akatazama chini. Samaki walikuwa wamekwisha kuuzwa. Wengine kati yetu tulikuwa tumewakula, tena kwa deni. Kicheko kikaisha.

Maneno tuliyojitetea nayo

Kisha siku ile tulizungumuza sana, na kila mumoja alikuwa na neno lake la kujitetea. Tunayaandika hapa, kwa sababu tunajua yanasemwa katika kila mutaa.

Neno la kwanza: «Mukaguzi mwenyewe ni mwizi.» Ni kweli kwamba alikosa, na hatutaji ofisi yake kwa maana shida hii haikuanza na yeye. Inchi yetu haikukosa sheria. Ofisi ya Leta ya kuchunguza bizaa iliundwa mwaka 1974 kwa jina OZAC, na leo inaitwa OCC. Tena miji ina watumishi wake wa usafi. Lakini mutumishi ambaye mushahara wake unachelewa naye ana watoto nyumbani, na hatupendi kuhukumu njaa ya mutu mwingine. Pamoja na hayo yote, ubaya wa mukaguzi haukusafisha samaki. Mwizi akikuambia kwamba nyumba yako inawaka, haufai kukaa ndani eti kwa sababu ni mwizi aliyesema. Mukaguzi alisema kweli juu ya konjelateri, kisha akauza ile kweli. Sisi tulikamata kosa lake la pili ili tusisikie neno lake la kwanza.

Neno la pili: «Moto unaua kila kitu.» Mama zetu wanasema hivyo kwa nia njema, na kwa mambo mengi moto unasaidia kweli. Lakini si kwa yote. Samaki wa namna ya tomson akikaa katika joto, vijidudu vinafanya sumu ndani ya nyama yake. Kumurudisha katika baridi hakuondoi sumu ile, na kumukaanga hakuiondoi. Aliyemukula anaweza kuona uso unawaka, kichwa kinauma, moyo unapiga mbio, anatapika. Unga wa muhindi na karanga vilevile: vikiwekwa na unyevu, vinaota kuvu yenye sumu inayoitwa aflatoksini, na kupika hakuimalizi. Mwaka 2004, katika mashariki ya Kenya, muhindi wa namna hiyo uligonjwesha watu 317, na 125 kati yao walikufa. Walikuwa watu wanaokula ugali, ndiyo bukari yetu, na walipika kwa moto kama sisi.

Neno la tatu: «Mununuzi ana macho, asiponunua, hakuna anayemulazimisha.» Neno hili lilitufikirisha kuliko mengine, kwa maana linafanana na haki. Lakini ni macho gani? Anayetumwa na kidaftari ni mutoto wa miaka 8. Kopo limefungwa. Samaki amekuwa mugumu kama jiwe, na baridi imeficha harufu. Wako wauzaji wanaofuta tarehe kwa asetoni na kupiga nyingine. Hata tarehe yenyewe haisemi yote: kopo zuri lililopita tarehe kwa juma moja pengine halina hatari, lakini kopo lililovimba linaweza kuua hata kama tarehe yake ingali mbali. Anayejua mambo haya ni muuzaji, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwapo umeme ulipopotea. Mununuzi hakuwapo. Ni kwa sababu hiyo ukaguzi uliwekwa: mukaguzi ni jicho la mutu asiyeweza kuona ndani ya kopo.

Neno la ine: «Hakuna aliyekufa.» Juma lile watoto wawili wa nyumba moja walitapika usiku kucha. Pengine ni samaki, pengine ni maji ya kisima. Hakuna mutu wa kulihakikisha. Ndiyo ginsi ubaya huu unavyojificha. Mwaka 2015 Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS, lilitangaza hesabu yake: kila mwaka watu milioni 600 wanapata ugonjwa kwa sababu ya chakula kibaya, na watu 420 000 wanakufa. Kati ya hao 125 000 ni watoto wasiofika miaka 5. Ni wangapi kati ya watoto hao walizikwa huku watu wakisema «ni tumbo tu», bila mutu kuuliza kitu kilitoka katika butike gani?

Torati inaamuru mutu anayejenga nyumba yenye dari tambarare aizungushie ukuta mufupi juu, ili mutu asianguke, na damu isiwe juu ya nyumba ile (Kumbukumbu la Torati 22). Tazameni vizuri: hatia haingoji mutu aanguke. Mwenye nyumba anaulizwa juu ya ukuta siku ile anapojenga, wakati wote wangali wazima. Basi sisi pia hatuwezi kusema kwamba hatukukosa, eti kwa sababu tuliamka asubui.

Walichouziana

Sasa turudie ulizo letu. Mama alitoa faranga na sukari. Mukaguzi alitoa nini? Hakutoa feza, hakutoa bizaa. Alitoa ruhusa ya watu wengine kulishwa samaki wale. Lakini ruhusa hiyo haikuwa yake. Tumbo la mutoto aliyetumwa na kidaftari si mali ya mukaguzi, wala si mali ya mama. Wawili wale walisikilizana juu ya kitu cha mutu wa tatu, ambaye hakuitwa katika mazungumuzo. Tukisema «walisikilizana vizuri, kila mumoja alipata faida», tunasahau kuhesabu yule aliyelipa kweli.

Katika siku zake, nabii Amosi, muchunga wa Tekoa, aliwakemea wachuruzi waliongoja kwa haraka Sabato iishe ili wafungue biashara, wapunguze kipimo, na kuwauzia maskini makapi ya ngano. Sisi tulizoea kusoma maneno yale tukifikiri juu ya matajiri wenye magari na magazini makubwa. Hatukufikiri kwamba mutu anaweza kuuza makapi akiwa yeye mwenyewe maskini, tena mujane, tena mutu wa maombi. Maskini anaweza kumutendea maskini mwenzake ubaya, na machozi yake yakawa ya kweli. Mambo haya mawili yanaweza kukaa katika moyo mumoja.

Hasara ni ya nani?

Lakini tusipande juu ya mama huyu na kumutupia mawe. Alituuliza ulizo ambalo lilitushinda: «Mulitaka nitupe samaki wote na makopo yote. Vizuri. Na kesho ningeuza nini? Ni nani kati yenu angenipa mwongo mumoja wa kapitali yangu?»

Tukafungua kidaftari chake. Majina yetu yalikuwamo: mushemasi, mama wa usafi wa kanisa, muimbaji, hata mumoja wetu tunaoandika jarida hili. Wengine walikuwa na deni la miezi mitatu. Tulipojumulisha, deni letu lilipita bei ya samaki wote na makopo yote 14.

Hapo tulielewa. Anayechelewesha deni lake katika butike anamusukuma mwenye butike kuuza kitu kilichoharibika. Anayedai kila siku bei ndogo, na kukimbilia kwa jirani kwa sababu ya faranga mia, anamufundisha muuzaji asitupe kitu. Tunataka chakula kizuri, lakini hasara ya kutupa kibaya tunamuachia mujane peke yake. Hiyo nayo ni kulisha sumu kwa mukono wa mwingine.

Yaliyofanyika

Mama alitupa makopo yote 14, akiyatoboa kwanza ili mutu asiyaokote kwenye jalala. Mama wa likelemba walimupa zamu yake mbele. Wenye madeni walianza kulipa. Si wote, na tunasema hivyo bila kuficha. Sasa ananunua samaki wa siku moja tu, na umeme ukikosekana anawauza mbio wangali na baridi, ao anawakausha kwa moshi siku ileile. Wakiyeyuka na kupata joto, anawatupa.

Mukaguzi alirudia kisha miezi miwili. Alikuta mufuko wa unga umewekwa chini juu ya sima yenye maji. Akasema tena: «Mama, tusikilizane.» Mama akajibu: «Shefu, nimekosa. Uandike karatasi.» Mukaguzi alishangaa, kisha akaandika. Amandi ilikuwa kubwa kuliko ile feza ya mara ya kwanza. Mama alilipa, na watu wengine wakamuchekelea: «Unaona? Haki ni gali!»

Ndiyo, mara nyingine haki ni gali, na hatutaki kuwadanganya kwamba kila anayetenda mema anapata faida mwisho wa mwezi. Lakini tangu siku ile mifuko ya unga imewekwa juu ya mbao, na karatasi ile imepigwa misumari kwenye ukuta, mahali kila mutoto anayetumwa anaweza kuiona. Amandi ile hatukumuachia mama peke yake. Tuliochangia ni sisi tuliokula samaki kwa deni.

Ndugu na dada, kabla ya kusema juu ya mukaguzi, kila mumoja wetu aende akaulize jina lake katika kidaftari cha butike. Alipe anachoweza kulipa. Na akiona kopo limevimba, asimurudishie muuzaji kwa kelele ili apewe lingine, na lile libaki kwa mutu atakayekuja nyuma. Alipeleke kwa muuzaji, walitupe pamoja, na wasikilizane ginsi ya kugawana hasara.

Mungu atupe zamiri safi na chakula safi. Amina.